Kadi ya njano, kutoka Kisangani mpaka Kampala

Wamama wenzangu, hapa Kisangani wengi wetu hatuna gari. Kutoka Mangobo kwenda Makiso tunapanda toleka au moto, na anayeishi Lubunga anavuka mto kwanza. Kwa hiyo asiransi ya gari, ambayo wenzetu wa Uganda na Tanzania wanaiita bima, tunaiona kuwa mambo ya baba na polisi wa barabarani. Mimi pia niliiona hivyo, mpaka yaya yangu alipohamia Kampala.

Ilikuwa vakansi kubwa. Shemeji alikuwa amepata kazi Uganda, na yaya akaniomba niwasindikize kwa sababu ya watoto. Tulienda na jeep yao wenyewe: Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, halafu Komanda na Beni. Mpaka Beni tu ni zaidi ya kilomita 700. Matope na usiku wa Nia-Nia nitaeleza siku nyingine. Wakati ule barabara ilikuwa inapitika. Leo, kwa yanayotokea upande wa Komanda na Beni, nisingemshauri mtu apite huko na watoto.

Kasindi ndipo Kongo inapoishia, na ng'ambo ni Mpondwe. Pale kila gari linahama upande wa barabara: sisi tunapita kuume, Uganda wanapita kushoto. Jeep yetu ilikuwa na usukani upande wa kushoto, kama magari mengi ya kwetu, basi shemeji akajikuta amekaa karibu na majani, haoni mbele ya lori. Kutoka Kasese mimi, niliyekaa kiti cha kuume, ndiye niliyekuwa macho yake. "Ngoja shemeji, kuna basi. Sasa pita!" Mwalimu wa darasa la nne, nimegeuka msaidizi wa dereva!

Mpakani ofisa aliomba karatasi mbili: karte rozi ya gari, na kadi ya njano ya COMESA. Hii kadi ni kitu kizuri, na inafaa tuijue. Asiransi ya Kongo peke yake haina nguvu ukivuka mpaka. Kadi ya njano ndiyo inayoibeba mpaka nchi nyingine: Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya, Zambia na nyingine kadhaa, hata Tanzania ambayo ilikwisha kutoka katika COMESA. Unaipata kwa kampuni iliyokupa asiransi nyumbani. Ukimgonga mtu huko ugenini, inasimama kwa ajili yake, na inasaidia matibabu ya dereva na abiria wake. Gari lako mwenyewe haliliponyi.

Ofisa aliitazama, akaangalia tarehe, akatupitisha. Sisi wote watatu hatukuangalia tarehe. Kila siku nawaambia wanafunzi wangu waandike tarehe juu ya daftari, na mimi mwenyewe sikuisoma ile iliyokuwa mikononi mwangu.

Mwezi wa tisa nikarudi kwa masomo. Shemeji akapelekwa kazini mbali na Kampala, karatasi za gari zikabaki kwenye mfuko wake. Kadi ya njano haiwezi kuishi kuliko asiransi iliyoizaa. Ile ya Kisangani ilikwisha mwezi wa kwanza, na kadi ikafa siku hiyohiyo, kimya kimya. Tena kadi hiyo ni ya msafiri. Mtu akishakuwa mkaaji wa nchi, gari linapaswa kuandikishwa huko na kupewa bima ya huko. Yaya hakujua, na hakuna aliyemwambia.

Mwezi wa pili alikuwa anatoka kituo cha petroli. Akatazama kushoto kwanza, kama tunavyofanya Kongo, na barabara ilikuwa tupu. Bodaboda ikatokea kuume. Kijana alivunjika mguu. Alipona, Mungu asifiwe, lakini hospitali, pikipiki na miezi ambayo hakufanya kazi vyote vililipwa na yaya. Pesa ya likelemba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya masomo ya mtoto wake mkubwa ilikwenda yote. Alinipigia simu usiku, akalia, na sikuwa na la kumwambia.

Baadaye aliponunua bima ya Uganda aliuliza kila kitu. Ile ndogo, ambayo ni ya lazima, inamlipa uliyemgonga tu. Tena sheria ya 1989 iliweka mpaka wa shilingi milioni moja kwa mtu mmoja, ambazo hazifiki dola 300. Mguu uliovunjika unakula zaidi. Ile kubwa inatazama na gari lako, lakini bei yake ni nyingine kabisa. Akajifunza pia kwamba angechukua barua kwa kampuni ya Kisangani kueleza miaka aliyoendesha bila ajali, huenda angepunguziwa bei. Barua yenyewe ingekuwa ya Kifaransa, basi ingetafsiriwa kwanza.

Kwetu Kongo asiransi ya namna hiyo ni ya lazima tangu sheria ya 1973. Zamani ilikuwa SONAS peke yake; sheria ya 2015 ikafungua mlango, na sasa kuna kampuni nyingine. Kwa hiyo hata hapa nyumbani mtu anaweza kuuliza na kulinganisha.

Kinachonisumbua ni ule mfuko wa shemeji. Si mtu mbaya, aliondoka nao kwa mazoea. Lakini aliyekuwa anaendesha ni yaya, na jina la kampuni hakulijua, wala namba ya kupiga. Sasa karatasi ziko ndani ya gari, na nakala iko jikoni, imebandikwa karibu na kalenda.

Jumamosi tukikutana, wenye gari au moto nyumbani waje na karatasi zao. Zimeandikwa Kifaransa kigumu na herufi ndogo, lakini tutazisoma pamoja, tukianza na tarehe. Mimi nitakuja na miwani.