Fundi Aliye Mbali na Kazi Yake

Magari mengi yaendayo barabarani Lilongwe yalianza maisha yake Japani. Usukani wake uko kulia, nayo yanaifaa Malawi ambako magari hupita kushoto. Mengi huja na vioo vya pembeni vinavyojikunja kwa umeme, ustadi ambao Nissan Laurel ya mwaka 1984 ilikuwa miongoni mwa gari za kwanza kuwa nao. Huko Japani maegesho ni membamba. Na mtaani Nsungwi, yaani Area 25, minibasi nazo hupita karibu mno na ubavu wa gari lililoegeshwa. Kasoro ni moja: vioo hivyo hungoja dereva abonyeze kitufe, na dereva mwenye haraka husahau.

Dawa yake ni kuviunganisha na alamu, ili milango ikifungwa kwa rimoti vioo vikunjwe, na ikifunguliwa vikunjuke. Faida ya pili ni kwamba mwenye gari, akiwa mbali, hutambua kwa jicho kuwa alamu imepokea amri yake. Asidhani tu kwamba amemshinda mwizi. Kioo kilichokunjwa bado hung'oka, ndiyo maana wengi Dar es Salaam huchora namba ya gari juu ya vioo vyao.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Mota ya kukunja huwa na waya mbili. Chanya ikiingia huku na hasi kule, kioo hukunjwa, zikibadilishana, hukunjuka. Alamu hutoa mpigo mfupi wa umeme, ilhali kioo huhitaji sekunde kadhaa. Kwa hiyo fundi huweka relei mbili, moja ya kufunga na moja ya kufungua, pamoja na kifaa cha kurefusha mpigo. Umeme wake hauna budi kutoka moja kwa moja kwenye betri, kwa kuwa alamu hufanya kazi ufunguo ukiwa umetolewa. Hapo ndipo hatari ilipo. Waya huo una umeme usiku kucha, mwenye gari akiwa amelala. Ukichubuka na kugusa bati pasipo fyuzi, gari huweza kuteketea.

Sasa na atazamwe fundi wa umeme wa magari aishiye Dzaleka, wilayani Dowa, kiasi cha kilometa 40 kutoka mjini. Kambi hiyo ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na Kiswahili cha Kongo na cha Burundi husikika humo kila uchochoro. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti juu ya haki ya kuajiriwa na ya kwenda popote; na mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee kambini. Fundi huyo, basi, hana hakika ya kuwapo Nsungwi kesho. Fundi wa mjini akikosea huitwa arudi. Huyu hawezi kuahidi kurudi, na kosa lake moja huwaharibia jina wenzake wote wa kambini.

Kwa sababu hiyo hufanya kazi kana kwamba hatalitia machoni gari hilo tena. Hutafuta waya kwa mita, hakisii kwa rangi. Na zile za njano za mifuko ya hewa hazigusi. Kabla ya kukata huondoa hasi ya betri. Fyuzi huiweka karibu na betri, si mbali chini ya dashibodi. Viungo huvichomelea kwa risasi na kuvifunika vyema. Swichi ya zamani huitenga, ili umeme wa relei usirudi kupitia kwake. Mwishowe huchora mchoro mdogo: relei ziko wapi, fyuzi ni ya ampea ngapi, na waya upi ukitolewa gari hurudia hali yake ya awali. Karatasi hiyo huiacha ndani ya gari, fundi mwingine yeyote apate kuisoma.

Mwenye gari naye ana wajibu wake. Asiulize bei peke yake. Aombe kuonyeshwa fyuzi, adai mchoro, afunge na kufungua mara kumi mbele ya fundi. Kisha alipe ujira wote siku ile ile, maana fundi asiyeweza kurudi kurekebisha hawezi pia kurudi kudai.