Pipa Lisilojazwa

Aliyekulia chini ya minazi hahitaji kufundishwa kazi ya hewa juu ya kinywaji. Huko kwetu Muheza, mkoani Tanga, tembo linalogemwa alfajiri ni tamu kama maji ya muwa. Ikifika jioni limekuwa kali, kesho yake limeanza kuchacha, na siku chache baadaye huishia katika chupa jikoni, likawa siki ya kachumbari. Hakuna wa kulaumiwa. Hewa imefanya kazi yake. Kwa hiyo nilikua nikiamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba kitu kizuri kikiachwa wazi kitaharibika tu, na kwamba dawa yake ni kuziba au kujaza.

Imani hiyo haikomei kwenye vinywaji. Mwaka 2016 nilimzika mke wangu, niliyekaa naye miaka 31. Haukupita muda mrefu, watu wema wakaanza kunishauri nijaze nafasi yake. Shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, aliniketisha mkekani akaniambia, “Mwanangu, nyumba haikai na pengo. Pengo huingiza upepo.” Walimu wenzangu nao walisema kwa utani wenye ukweli ndani yake kwamba mgane huchacha upesi. Sikuwachukia. Walikuwa wakinitakia heri, na mifano walikuwa nayo: sote tunawajua wanaume waliobaki peke yao, wakawa wakali kwa watoto, wachafu wa nguo, na wachungu wa maneno. Mimi sikutaka kuoa tena. Lakini jibu la kuwapa sikuwa nalo, na usiku niliogopa kwamba huenda wanasema kweli. Pipa lenyewe halijinusi.

La kufikiri nilikuja kulipata mbali na nyumbani. Binti yangu anaishi Besançon, mashariki mwa Ufaransa, upande wa kuelekea Uswisi. Nilikwenda kumtembelea mwaka 2023, naye siku moja akanipeleka Arbois, mji mdogo katika vilima vya Jura, unaopitiwa na mto Cuisance. Huo ndio mji wa Louis Pasteur. Alizaliwa Dole, si mbali na hapo, mwaka 1822, lakini alikulia Arbois, na nyumba ya familia yake sasa ni makumbusho. Jina lake nililifundisha darasani kwa miaka mingi kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Arbois wanamkumbuka pia kwa divai. Ndiye aliyeonyesha kwamba siki ni kazi ya viumbe hai visivyoonekana kwa macho. Na katika kitabu chake juu ya divai cha mwaka 1866 alieleza kuwa hewa hiyo hiyo inayoogopwa ina sehemu yake katika kuikomaza divai.

Mimi si mnywaji. Divai niliyoizoea ni ile ya meza ya Bwana. Lakini binti yangu alikuwa amepanga tukaribishwe na mkulima mmoja wa zabibu, mzee wa rika langu, ambaye hutengeneza kile wanachokiita vin jaune, yaani divai ya manjano. Alituingiza ghalani, akatueleza kazi yake pasipo haraka.

Kwa kawaida, alisema, divai iliyo ndani ya pipa la mbao hupungua, kwa sababu mbao hupumua. Mtunzaji hupita kila mara akajaza kilichopungua, ili hewa isipate pa kukaa. Divai ya manjano hufanyiwa kinyume. Hutokana na aina moja tu ya zabibu nyeupe, Savagnin. Divai ikishapatikana hutiwa katika mapipa ya mwaloni, ambayo kwa kawaida ni ya lita 228, kisha hajazi mtu. Miaka inakwenda, divai inapungua, pengo linakua. Na juu ya divai hujitandaza utando mwembamba, mfano wa ule unaotanda juu ya maziwa yaliyopoa. Utando huo ni hamira hai. Hukaa kati ya divai na hewa, ukaitumia hewa kwa maisha yake wenyewe, na kuiachia divai ipate kidogo kidogo tu. Sheria yao ni kwamba divai hiyo isitiwe chupani kabla ya tarehe 15 Desemba ya mwaka wa sita baada ya mavuno, na katika muda huo ikae chini ya utando kwa miezi isiyopungua 60 bila kujazwa.

Nilimwuliza, binti yangu akitafsiri, kama mapipa yote hufika salama. Mzee alitikisa kichwa. Mengine utando wake hudhoofika na siki ikaingia. Ndiyo maana kila pipa hupimwa mara kwa mara, na lile linaloanza kuharibika huondolewa mapema. Akatuonyesha jinsi anavyopata ya kupima. Hachoti kwa juu. Chini kwenye uso wa pipa kuna kibomba kidogo, naye hutoa hapo matone machache, ili utando usipasuke. Kisha akatuonyesha mapipa ya upande wa pili, yenye divai ya zabibu hizo hizo za Savagnin, ambayo huyajaza kila mara. Divai ya huko hubaki na harufu ya matunda na maua, na haingojwi miaka sita. “Nayo ni nzuri,” alisema. “Lakini ni divai nyingine.”

Ndipo akatumiminia. Ilikuwa ya mavuno ya mwaka 2016. Binti yangu alinitazama, nami nikamtazama, hakuna aliyesema neno. Mwaka ule sisi tulipokuwa makaburini, zabibu hizi zilikuwa zikiiva mlimani.

Rangi yake ilikuwa ya samli iliyoyeyushwa. Nikainua bilauri puani, na harufu ya kwanza kunijia ikawa ya uwatu. Asiyeujua uwatu ajue kuwa ni punje ndogo za manjano zinazouzwa kwenye maduka ya viungo. Kwetu mwanamke aliyejifungua hupikiwa uji wake ili maziwa yatoke. Mke wangu alijifungua mara 4, na mara zote 4 nyumba yetu ilinukia uwatu majuma kwa majuma: kanga, mto wa kulalia, hata jasho lake. Nilidhani huzuni inanichezea akili. Binti yangu, aliyesomea kemia, akaniambia, “Hapana, Baba, hujakosea. Kipo kitu kinaitwa sotoloni. Ndicho kinachoupa uwatu harufu yake, na ndicho kinachojitengeneza ndani ya divai hii kwa kukaa kwake na hewa.” Basi haikuwa ndoto. Harufu ile ilikuwamo kweli, na iliyoitia humo ni miaka ya pengo.

Nikaonja. Utamu haukuwamo hata chembe. Kulikuwa na ukali wa limau, kisha korosho zilizokaangwa, kisha tofaa lililokatwa likaachwa mezani hadi likageuka rangi, na mwishoni kitu kama chumvi. Atakayeionja akitazamia utamu ataitema na kusema imeharibika. Mzee alitukatia vipande vya jibini ya kwao ya Comté, nasi tukanywa kidogo kidogo. Ladha ilikaa kinywani muda mrefu baada ya bilauri kuwekwa chini. Haikuwa siki. Nilijua siki ni nini tangu utotoni, na hii haikuwa siki.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafakari, na ninachokiona si kwamba pengo ni jambo jema. Shangazi alisema kweli: pengo huingiza upepo, na mapipa yanayoharibika yapo. Wala siwalaumu waliojaza. Rafiki zangu wawili wameoa tena na nyumba zao zimechangamka. Hiyo nayo ni divai nzuri. Nililojifunza ni kwamba kati ya kujaza na kuchacha iko njia ya tatu, na njia hiyo hutegemea utando. Nikajiuliza: wangu uko wapi?

Nikahesabu. Kila jioni watoto wa majirani huja barazani kwangu na madaftari yao, nami husoma nao mpaka giza liingie. Alhamisi ni zamu ya kwaya. Jumamosi huamkia kwenye shamba la mihogo la marehemu, ambalo sikuligawa wala kulikodisha. Kila mwisho wa juma binti yangu hunipigia simu. Ni vitu vyembamba hivi. Ukiviweka pamoja havijazi hata robo ya nafasi ya mke wangu, na wala havikukusudiwa kuijaza. Lakini viko hai, na vimekaa kati yangu na hewa.

Nikamkumbuka pia jirani yangu mmoja, ambaye katika mwaka ule wa kwanza hakuniuliza hata mara moja kama nimeshapoa. Alikuja na bao lake, tukacheza, akaenda zake. Wengine walichota kwa juu, kila mmoja na kata yake. Yeye alikuwa akinipima kwa kile kibomba cha chini, akijua kutokana na jinsi ninavyohesabu kete kama bado nimo.

Niliporudi Muheza nilimsimulia shangazi habari hizi zote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Haya, mwanangu, jipime. Lakini ukianza kunuka siki, mimi nitakwambia.” Nimemkubalia. Pipa halijinusi, na heri mwenye mtu wa kumnusa.

Divai iliyokwisha kupita katika hewa kwa namna hii haiiogopi tena. Chupa yake ikifunguliwa hukaa majuma kadhaa bila kuharibika, na ikizibwa vyema huishi kupita wajukuu wa aliyeitengeneza: mwaka 2018 chupa moja ya mavuno ya mwaka 1774 iliuzwa kwa mnada huko Lons-le-Saunier kwa zaidi ya yuro 100,000. Lakini kilichonikaa moyoni kuliko bei hiyo ni chupa yenyewe. Huitwa clavelin, ni fupi, ina mabega mapana, na huchukua sentilita 62 tu. Wenyeji husema hicho ndicho kinachobaki cha lita moja baada ya miaka yote ile ya pipani. Sentilita 38 zimekwenda na hewa. Hawazililii, wala hawasemi kuwa hazikuwapo. Wametengeneza chupa inayolingana na kilichobaki, wakaijaza hadi shingoni.