Mlima Mmoja, Maziwa Mawili

Ndugu msomaji, ukiwa Kitale au Bungoma huna ziwa la kutazama kutoka dirishani. Una mlima, mahindi na miwa. Hata hivyo, maji ya mlima huo huenda ziwani, na kiangazi kikianza mwezi wa Desemba waweza kuyafuata ukiwa na mshipi na ndoano zako.

Mlima Elgon huyagawa maji yake. Mto Suam hutelemka kaskazini, ukabadili jina na kuitwa Turkwel, kisha ukaelekea Ziwa Turkana. Vijito vya upande wa Bungoma huingia Mto Nzoia, nao humwaga maji katika Ziwa Viktoria huko Budalang'i. Maji ni ya mlima mmoja, lakini mvuvi anayedhani maziwa haya yana tabia moja atajuta. Mimi nilijuta.

Nilikuwa nimezoea Sio Port, kule Busia. Huko asubuhi ziwa huwa limetulia, na upepo huja mchana kutoka majini. Basi nilipofunga safari na mpwa wangu wa miaka 12, tukapita Kapenguria, Marich na Lodwar hadi Kalokol, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kutoka Kitale, nilitaka tuingie majini alfajiri.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu aliniambia, "Bwana, upepo bado haujalala. Ngoja alasiri." Nikacheka moyoni. Nikamwongeza pesa kijana mwenye mashua, tukaondoka.

Hatukufika mbali. Mawimbi yaliingia ndani, nami nikawa nayakumba maji kwa kopo huku mtoto amenishika mguu kwa mikono miwili. Hakulia. Alinitazama tu. Tuliporudi ufuoni mzee hakunikemea. Alimpa mtoto chai.

Ziwa Turkana, msomaji, limezungukwa na jangwa. Pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi, na mara nyingi hupungua alasiri. Hapo ndipo utoke. Ngege mtafute kwenye maji ya kina kifupi, karibu na majani ya ukingoni. Mbuta anataka mshipi mnene na chambo cha samaki mdogo. Usisimame majini ukivua: mamba ni wengi. Na barabarani safiri mchana, baada ya kuuliza habari za njia.

Ziwa Viktoria lina mambo yake. Wakati wa joto maji hujipanga kwa matabaka: ya juu yana joto, ya chini kabisa huwa na hewa haba. Ukishusha ndoano hadi chini kwenye kina kirefu, utavuta ndoano tupu, kwa maana mbuta hukaa juu ya tabaka hilo. Maji huchanganyika vizuri pepo zinapovuma kati ya Juni na Agosti.

Omena nao huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa, zamani karabai na siku hizi nyingi za nguvu za jua, samaki wakakusanyika kwenye mwanga, kisha wakazungushiwa wavu. Mbalamwezi ikiwaka, omena hutawanyika. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wao hufungwa upande wa Kenya, wapate kuzaana. Na mbuta asiyefika sentimita 50 mrudishe majini; huyo ni mtoto.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kabla ya kukodi mashua, tafuta koti la kuelea kwa kila mtu, kisha muulize mwenyeji swali moja: upepo hapa hulala saa ngapi? Akikujibu, mtii.

Mpwa wangu sasa ni kijana mkubwa. Bado tunavua pamoja, ila swali hilo huuliza yeye, hata kabla sijashuka garini.