Hesabu za binti, mguu wa bibi

Kila anaporudi likizo, binti huyu wa Ngamiani, Tanga, huulizwa swali lile lile: unasomea nini hasa huko Arusha? Akijibu "hisabati", wageni huitikia kwa heshima na kubadili mazungumzo. Mama yake, fundi cherehani, hakubadili. Mtoto alikuwa ameacha kazi ya ualimu kwa ajili ya shahada ya uzamili katika Taasisi ya Nelson Mandela, na mama alitaka kujua imeachwa kwa kitu gani.

Jioni moja binti akamwambia, "Mama, ukipewa gauni la harusi ya Jumamosi, unaanza kuhesabu wapi?"

"Jumamosi yenyewe. Ijumaa pasi, Alhamisi shanga, Jumatano mikono."

"Basi nami nafanya hivyo hivyo."

Somo lake ni udhibiti bora wa mifumo inayobadilika. Wagonjwa huongezeka na kupungua kila siku. Mkononi una dawa, vyandarua na elimu, na fedha haitoshi. Uongeze nini lini, upunguze lini, ili mwisho wa muda uliopangwa jumla ya ugonjwa na gharama iwe ndogo kabisa? Wagonjwa huhesabiwa kwenda mbele. Uzito wa kila mgonjwa katika hasara hiyo huhesabiwa kurudi nyuma, kuanzia siku ya mwisho.

Kanuni hiyo ina jina la Lev Pontryagin, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1908. Alikuwa na miaka 14 jiko la mafuta lilipomlipukia na kumpofusha. Mama yake, Tatyana, aliyejifunza ushonaji, hakusomea hisabati. Lakini alikaa na mwanawe akimsomea vitabu kwa sauti, na alama asizozijua akazitaja kwa umbo: hii mikia juu, hii mikia chini. Fundi wa Ngamiani alipolisikia hilo alisimamisha cherehani.

Ugonjwa ambao binti anauhesabu ni matende. Hakuuchagua vitabuni. Bibi yake mzaa mama ana mguu uliovimba tangu binti akiwa mdogo, na kazi ya kuuosha kwa maji na sabuni na kuukausha vizuri katikati ya vidole, ili usipate vidonda, ilikuwa yake kila jioni. Pwani hii wapo wengi wa namna hiyo, na wanaume wenye mabusha wasiosema. Minyoo yake huletwa na mbu, wakiwamo wale wanaozaliana vyooni na kwenye mitaro ya maji machafu.

Vidonge vya ivermektini na albendazoli havirudishi mguu wa bibi ulivyokuwa. Huua vijidudu vichanga vilivyo kwenye damu, mbu akiuma asipate cha kumpelekea jirani. Minyoo mikubwa huishi miaka kadhaa, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutaka dawa zigawiwe kila mwaka, angalau mara 5, na kila mara zimezwe na si chini ya asilimia 65 ya watu wote wa eneo.

Mama akasikiliza, kisha akauliza, "Na mimi niko wapi humo?"

Binti alinyamaza kidogo. Alijua vidonge vya mwaka uliopita vimelala kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, kwa sababu mtaani ilisemwa vinafunga kizazi, ingawa mama mwenyewe alishamaliza kuzaa. Akamwonyesha herufi moja kwenye daftari. "Hapa, Mama. Hili ni fungu la waliopewa wasimeze. Likikua, miaka inaongezeka."

"Herufi moja tu?"

"Moja tu. Mko wengi ndani yake."

Mama hakujibu, akaendelea kushona. Wagawaji walipopita tena, alimeza mbele yao, kisha akavuka barabara kwa majirani wawili aliowatia hofu mwenyewe. Mmoja alikubali. Wa pili bado anabembelezwa.