Ndevu na Niqab

Nywele zilinianza kidevuni nikiwa kidato cha pili, zikashuka shingoni, halafu kifuani. Hooyo, mama yangu, alinichemshia sukari na ndimu, ikang'oa nywele na ngozi pamoja. Ayeeyo, bibi yangu, aliamini qasil, ule unga wa majani ya mkunazi tunaojipaka usoni. Uso ukalainika, ndevu zikabaki. Nikaishia kwenye wembe. Nilinyoa kabla ya adhana ya alfajiri, kwa mwanga wa simu, na kufika adhuhuri kidevu kilishaanza kukwaruza mtandio.

Baadaye nikavaa niqab. Griftu, magharibi ya mji wa Wajir, hilo si jambo la kumshangaza mtu. Wazee wakanisifu kwa dini, na mama za wenzangu wakawaambia binti zao waniige. Sikumsahihisha yeyote; sifa ya bure nani huikataa?

Dhambi ndiyo iliyonitisha. Madrasa tulifunzwa kwamba kunyonyoa nyusi ni haramu, nami nikadhani na kidevu kimo. Mke wa maalim akanituliza: Imam Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, alisema mwanamke akiota ndevu au sharubu, kuziondoa kunapendekezwa. Yaani kidevu changu kilishajadiliwa huko Sham karne ya 13. Mimi na daktari tulikuwa bado.

Mwaka 2016 mkimbiaji wetu Margaret Wambui akashinda shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Rio. Kwenye hoteli ya chai wanaume walibishana kama yule ni mwanamke kweli, nami niko mlangoni nangoja mandazi. Testosterone, homoni ya kiume, niliisikia hapo kwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 wakuu wa riadha wakatoa kanuni: wakimbiaji kama yeye washushe homoni hiyo chini ya nanomoli 5 kwa lita ya damu, la sivyo mbio hizo wazisahau. Nikaona wananisema mimi.

Hatimaye nikaenda na Hooyo kwa daktari wa Garissa, nikamweleza hofu hiyo, akacheka. Hali ya wanariadha wale ni nyingine, alisema. Wala hakuanza na kidevu, aliuliza hedhi. Nikajibu kwamba hupita miezi minne, mitano, isije. Hooyo akageuka kunitazama. Hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kumwambia. Miaka yote tulihangaika na kile kinachoonekana.

Vipimo vikaonyesha PCOS: ovari hutoa testosterone kupita kiasi, mayai hayakomai, na insulini ikizidi huchochea zaidi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba asilimia 10 hadi 13 ya wanawake wa umri wa kuzaa wanayo, na wengi wao hawajui. Daktari akaniandikia vidonge vya uzazi wa mpango.

"Daktari, huyu hajaolewa!" Hooyo alisema.

"Hapa ni dawa ya kurekebisha homoni tu, mama. Na nywele msizitazamie kupungua kabla ya miezi sita."

Akaongeza nipunguze sukari kwenye chai. Msomali wa Griftu bora umnyime chai yenyewe.

Tukirudi nyumbani, basi lilipopita Modogashe, Hooyo akasema taratibu kwamba eeddo yangu, shangazi yule aliyeachwa kwa sababu hazai, naye hunyoa.

Eeddo mwenyewe hakutaka maelezo ya homoni. Aliuliza kama vidonge vinamfaa mtu wa umri wake, kisha akaniagiza mashine ya kunyolea kutoka Garissa, iwe ya betri, maana stima yetu haina ahadi.