Kware: Darasa Lililo Uwandani

Kware, katika kaunti ya Kajiado, jina lake latokana na machimbo ya mawe. Karibu iko Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946. Kusini mwa mbuga hiyo hapana ua, ili nyumbu na pundamilia watoke wakati wa mvua kwenda malishoni nyanda za Athi-Kapiti, kisha warejee kiangazi. Leo viwanja na seng'enge vinaiziba njia hiyo. Mwalimu na awatoe watoto nje, wahesabu nyua na wachore mapito yaliyosalia. Nasi wa pwani, maji yakipwa, tuwapeleke wetu mwambani na mikokoni wajifunze viumbe wangali hai. Enyi wazazi, wahimizeni walimu mapema, kabla somo halijabaki kitabuni tu.