Kutoka Luano mpaka Unguja kwa barabara: wamama 14 na mfuko mmoja wa karatasi

Tangu turudi hakuna Jumamosi inayopita bila mtu kutusimamisha njiani na kuuliza: mlifikaje, mlilipa ngapi, nani aliwaongoza? Tunajibu hapa mara moja kwa wote, na yale ya aibu tunayaandika pia.

Sisi wa Luano tunaishi chini ya ndege. Asubuhi moja inapita juu ya mabati, watoto wanatoka mbio kuipungia mikono, na mvumo wake unakata maneno katikati ya sala kama unavyokata katikati ya ugomvi. Mgeni akishuka Lubumbashi kwa ndege, ameshuka kwetu. Lakini katika wamama 22 wa chama chetu, ni mmoja tu aliyewahi kupanda ndege, naye alikuwa anasindikiza mgonjwa. Basi siku moja, tukichambua sombe, mkubwa wetu mmoja akauliza: "Ni kusema tutazikwa bila kuona bahari?" Tulicheka sana. Jumamosi iliyofuata tulifungua kaye mpya.

Likelemba yetu ya kawaida inazunguka, kila juma mmoja anachukua. Sanduku la safari halizunguki, na hapo ndipo ugumu wake: unaona pesa ipo, minervale ya mtoto inadaiwa, na huwezi kuigusa. Tulikubaliana dola 5 kila juma kwa mtu, kwa miaka miwili. Tuliweka kwa dola ili franka ikishuka isitushushe nayo. Funguo zilikuwa mbili, kwa wamama wawili wasio ndugu wala majirani. Kila mwisho wa mwezi tulihesabu mbele ya wote na kusoma kaye kwa sauti, kwa sababu wapo kati yetu wasiosoma, na pesa yao ni sawa na pesa ya wengine.

Tulianza 15. Miezi miwili kabla ya safari, mtoto wa mwenzetu alilazwa hospitali, naye akaja kuomba pesa yake yote. Kaye ilisema wazi: pesa ya safari hairudishwi. Tulibishana mpaka giza. Upande mmoja ulisema sheria ikivunjwa mara moja sanduku limekwisha, kesho kila mtu atakuwa na mgonjwa. Upande wa pili ulikaa kimya, na kimya hicho kilikuwa kizito kuliko maneno. Mwishowe tulimpa zote usiku uleule, naye akaacha safari. Mtoto alipona. Sasa kaye inasema hivi: ugonjwa na kifo vinarudisha pesa yote siku hiyohiyo, anayebadili nia bila sababu anapata nusu, tena baada ya wenzake kurudi. Sheria ya kwanza tuliiandika tukiwa wazima wote, ndiyo maana ilikuwa mbaya.

Kuhusu njia, tuliuliza zote tatu. Ndege ilizidi sanduku. Treni ya TAZARA, ile iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, inaanzia Kapiri Mposhi kule Zambia na kwenda kilomita 1,860 mpaka Dar es Salaam; wengi wetu tuliitamani, lakini haitembei kila siku, na kundi la watu 14 kungoja treni Kapiri ni kula pesa ya bahari kabla ya kuiona. Anayetaka treni aulize kwanza kama inatembea juma hilo, ndipo afunge mizigo. Sisi tulichukua basi, mwezi wa 7, watoto wakiwa kwenye vakansi. Pwani mvua kubwa ni Machi mpaka Mei. Mwezi wa 7 ni mkavu na joto lake linavumilika.

Kuchagua kiongozi kulitusumbua kidogo. Mama Prezidenti wetu tunampenda wote, na kwa sababu hiyohiyo hakufaa. Safarini anahitajika mtu asiyeogopa kununiwa. Tulimweka mwenzetu anayeuza mkaa, ambaye hajawahi kumkopesha mtu akasahau. Alitugawa katika makundi ya watu wanne au watano, kila kundi na dada mkubwa wake. Basi likisimama, dada mkubwa anahesabu watu wake na kusema "wapo", na hakuna kuondoka mpaka sauti tatu zimesikika. Tuliona kama utoto. Pale Mpika, usiku, mmoja alikuwa bado chooni na basi limekwisha kuwasha injini. Tukaacha kuona utoto.

Karatasi zote zilikaa katika mfuko mmoja wa kiongozi, na nakala katika mkoba wa kila mtu. Pasipoti, kwanza. Halafu kadi ya njano ya chanjo: sisi tunatoka nchi yenye homa ya manjano, hivyo Tanzania wanaitaka. Chanjo inapaswa kupigwa siku 10 kabla ya kufika, na tangu 2016 inahesabiwa ya maisha yote, kwa hiyo mwenye kadi ya zamani asilipe tena. Mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto wa kunyonya. Tulichukua ruhusa ya baba iliyoandikwa na kutiwa muhuri, na iliulizwa. Mambo ya viza msiyasikie njiani, hata kwetu sisi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na kanuni zinabadilika. Nendeni kuuliza wenyewe kwenye konsula ya kila nchi mtakayopita, na Zambia msiisahau.

Jambo dogo lililotuchelewesha: mifuko ya plastiki. Tanzania imeikataza tangu tarehe 1 Juni 2019. Sisi tulikuwa tumefunga karanga, ndakala na unga wa bukari katika sashe nyeusi za sokoni, kila kitu ndani ya kingine kama kitunguu. Mpakani tulifungua chini, mbele ya watu, tukahamishia ndani ya vitenge. Chukueni vikapu na mifuko ya nguo tangu nyumbani.

Kasumbalesa mnaijua, hatutaandika mengi: malori ya shaba, vumbi, watu wanaotaka kukusaidia bila kuitwa. Tulikwenda mapema, tukashikana. Baada ya hapo Zambia ni ndefu. Ni Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri, halafu msitu na msitu, na baridi ya usiku inayoingia kwenye mifupa. Beba blanketi, hata kama unakwenda pwani. Kule Nakonde na Tunduma, tangu 2019 ofisi za nchi mbili zinakaa pamoja, hivyo unapita mara moja.

Ila kuna mahali tunataka kusimama. Ukipita Serenje, upande wa kushoto, mbali na barabara, ndiko Chitambo alikofia Livingstone mwaka 1873. Shuleni tulifundishwa jina lake. Hatukufundishwa majina ya watu waliozika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili, wakaubeba kwa miguu miezi karibu tisa mpaka Bagamoyo, pwani. Susi na Chuma ndio wanaotajwa. Katika kundi lile walikuwamo pia wanawake: Halima, mpishi wake, na Ntaoeka. Mwenzetu mwalimu alitusimulia hayo ndani ya basi, na mama mmoja aliyekuwa akilalamikia miguu iliyovimba akainyamazia miguu yake kwa muda.

Mbeya tulilala usiku mmoja kitandani. Kwenye bajeti ya kwanza tulikuwa tumeufuta usiku huo ili kubana pesa. Kiongozi akaurudisha kwa nguvu, na mama zetu wenye presha ndio waliomshukuru. Kutoka hapo njia inashuka Kitonga, mibuyu inaanza, na barabara inaingia ndani ya mbuga ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Tuliona twiga na tembo kwa madirisha, bila kulipa chochote.

Dar es Salaam tuliogopa lugha. Tunazungumza Kiswahili tangu kuzaliwa, lakini tulijua watatucheka. Walitucheka, kweli, tulipoomba bukari na lengalenga; wao wana ugali na mchicha. Sombe ni kisamvu, na wanakipika kwa nazi, jambo ambalo nusu yetu walilikubali na nusu bado wanalijadili. Vijana walikuwa wanatuambia "shikamoo" nasi tunajibu "jambo", mpaka muuza maembe mmoja akatufundisha "marahaba" kwa upole, kama anavyofundishwa mtoto.

Kosa letu kubwa lilitoka hapohapo kwenye lugha. Tikiti za boti ya kwenda Unguja tulinunua jioni, na tuliambiwa: saa moja asubuhi, mfike mapema. Sisi tumezoea kuhesabu saa kwa kifaransa. Kwa Mtanzania siku inaanza na jua, saa moja ni ile ambayo simu inaandika 7:00. Kiongozi alielewa. Wenzetu watano, wa chumba cha mwisho, walisikia "saa moja" tu, wakajua ni saa saba mchana yao, wakafua nguo na kulala. Juu ya hayo, simu mbili zilikuwa bado na saa ya Lubumbashi, ambayo iko nyuma kwa saa nzima. Boti iliondoka na wamama 9. Watano walilipa tikiti nyingine kwa pesa ya akiba, walivuka mchana, na kwa saa hizo zote kiongozi alikaa bandarini Unguja bila kula. Baadaye aliomba radhi mbele ya wote: alikuwa ametangaza kwa mdomo, hakwenda mlango kwa mlango. Watano nao waliomba radhi. Tangu siku hiyo kila saa iliandikwa kwenye karatasi mlangoni kwa namba za simu, 7:00, na si vinginevyo.

Bahari tutawaelezaje? Boti inavuka kwa saa mbili hivi, na nusu yetu walitapika (mnunue dawa Dar, tangawizi peke yake haitoshi). Forodhani jioni tuliingia miguu majini na vitenge vimefungwa juu ya magoti. Mkubwa wetu, yule wa swali la sombe, alionja maji kwa kidole, akatema, akaonja tena. Katika Mji Mkongwe jifunike mabega na magoti. Kitenge kinatosha, na wenyeji wanakutazama kwa jicho jingine. Bei kwa shilingi, si kwa dola: tangu 2025 sheria ya Tanzania inakataza kupanga bei kwa fedha za kigeni. Dola zako zibadilishwe kwenye duka la fedha, na ziwe mpya, zisizochanika.

Siku ya pili tulikwenda Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana. Lilijengwa juu ya mahali pa soko la watumwa, baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Ndani kuna msalaba wa mti, na mti wenyewe ulitoka Chitambo, ule uliokuwa juu ya moyo wa Livingstone. Basi njia yetu yote ilikuwa imefika pale kabla yetu. Nje kuna shimo, na ndani yake sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Mwenzetu mmoja, ambaye familia yake ni ya Kasongo, kule Maniema, aliuliza watu wa huku walitoka wapi. Mwongozaji alitaja nchi kadhaa, na Manyema ilikuwa kati yake. Alimtaja pia Tippu Tip, aliyekuwa na ngome Kasongo, na ambaye nyumba yake bado iko mitaa michache kutoka hapo. Na sisi wa Katanga tusijitoe: Msiri, aliyetoka Unyamwezi akatawala Bunkeya mpaka alipouawa Desemba 1891, naye aliuza watu pamoja na shaba na pembe za ndovu. Kiswahili chetu hiki tulichokuwa tunakionea aibu Dar kilipanda kuja kwetu kwa misafara hiyohiyo.

Mwenzetu wa Kasongo alikaa chini kwenye ukingo wa shimo. Ratiba ilisema tunaondoka saa nne kwenda kuona mashamba ya karafuu. Kiongozi alitazama saa, akamtazama yeye, akafuta karafuu. Tulikaa naye. Wengine walikasirika kidogo, walikuwa wamelipia karafuu. Pesa hiyo hairudi, na tumeiandika kwenye kaye kama ilivyo.

Kurudi kulikuwa haraka, kama kurudi kote. Kasumbalesa tulipokelewa na yule mwenzetu wa mtoto mgonjwa, na sufuria ya bukari bado ya moto, na mtoto mgongoni. Tulimletea kanga mbili na chupa ya maji ya bahari, kwa sababu aliiomba.

Katika sanduku zilibaki dola 37. Kundi la pili linaanza kuchanga Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya mkutano, nyumbani kwa mama mweka sanduku. Wengine wanasema Unguja tena, wengine wanasema Kalemie kwanza, ziwa letu wenyewe, bila pasipoti. Kaye ya safari iko pale kwa anayetaka kunakili. Njooni na kalamu zenu, ya kwetu imekwisha wino.